Kidato cha Nne cha Wapi?

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya maneno matatu ambayo hakuna nyumba isiyoyajua: Kidato cha Nne. Nitaanza na kisa kilichotokea hapa hapa Ng'ambo, Tabora, na ambacho mimi mwenyewe nina sehemu yangu ndani yake.

Miaka michache iliyopita jirani yangu mmoja, mfanyabiashara wa mpunga na asali, alinijia jioni akiwa na kijana wake wa kwanza. Kijana akanipa shikamoo, akakaa kwenye ncha ya mkeka, akanyamaza kama ilivyo adabu. Alikuwa amemaliza Kidato cha Nne na kupata Daraja la Pili, na alikwisha kupangiwa shule ya kwenda kusoma Kidato cha Tano. Nikampongeza. Lakini baba yake alikuwa na habari nyingine.

"Mwalimu," akaniambia, "nimempata mtu anayepeleka vijana Nairobi. Anasema kule Kenya mtu akimaliza Kidato cha Nne anaingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Hakuna cha Tano wala cha Sita. Sasa kwa nini mwanangu apoteze miaka miwili, na njia ya karibu ipo?"

Ndugu msikilizaji, nimefundisha kwa miaka mingi, lakini jioni ile sikuwa na jibu kamili. Nilijua kwamba Kenya hawana Kidato cha Sita. Sikujua kwa hakika Wakenya wanakitazamaje cheti chetu. Nikasema, "Jambo hili ni la kuulizwa kwanza," kisha nikanyamaza. Jirani yangu akauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo.

Magunia ya mpunga yakauzwa. Kijana akapanda basi, akapita Singida na Arusha hadi Namanga, akavuka mpaka. Baada ya wiki sita alirudi na begi lake. Chuo alichopelekwa kilimwambia kwamba Kidato cha Nne cha Tanzania si Kidato cha Nne cha Kenya, na kwamba akitaka shahada alete cheti cha Kidato cha Sita. Yule wakala hakupokea tena simu. Na huku nyumbani muda wa kuripoti Kidato cha Tano ulikuwa umekwisha, nafasi yake kapewa mwingine.

Baba mtu akaja tena barazani kwangu. Hakuja kulaumu. Aliuliza tu: "Mwalimu, mbona jina ni hilo hilo?"

Naam, jina ni hilo hilo. Leo nataka kumjibu, na kuwajibu wazazi wengine wenye swali kama lake.

Sisi wa Tabora tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na fedha yake kubwa ilikuwa nguo. Shuka ilihesabiwa mikono minne, na doti mikono minane. Mkono ulikuwa ni kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole. Neno ni moja njia nzima, bali mikono ya watu hailingani. Aliyekubali doti kumi bila kuuliza zimepimwa kwa mkono wa nani, aliweza kujikuta na nguo pungufu. Vyeti vya shule navyo ni vivyo hivyo. Kila nchi hupima kwa mkono wake.

Lakini haikuwa hivyo siku zote. Zamani Tanzania, Kenya na Uganda zilipima kwa mkono mmoja. Mtoto alisoma shule ya msingi miaka 7, sekondari miaka 4, kidato cha tano na cha sita miaka 2, kisha Chuo Kikuu miaka 3. Kati ya mwaka 1963 na 1970 nchi hizi tatu zilikuwa hata na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Baraza la Mitihani nalo lilikuwa la pamoja. Tanzania ilijitoa katika Baraza hilo mwaka 1971, na mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo wengi tunaliita NECTA. Kenya ikaunda la kwake mwaka 1980, na Uganda mwaka 1983. Katikati ya hayo, mwaka 1977, Jumuiya yenyewe ilivunjika.

Hata hivyo, kuwa na mabaraza matatu peke yake hakukubadilisha urefu wa mkono. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1985, Kenya ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4: miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari, na 4 ya Chuo Kikuu. Mwaka 1989 mtihani wao wa KCSE ulifanyika kwa mara ya kwanza, na Kidato cha Sita kikafikia mwisho wake nchini humo.

Hebu sasa tuhesabu pamoja, taratibu. Kwetu Bara, kwa mfumo uliomlea kijana wa jirani yangu, 7 na 4 ni 11. Kwa hiyo Kidato cha Nne ni mwaka wa 11 wa masomo. Kwa mfumo wa Kenya wa 8-4-4, 8 na 4 ni 12. Kidato cha Nne chao ni mwaka wa 12. Tayari kuna mwaka mmoja kati yao, ingawa jina ni moja.

Endelea kuhesabu. Kwetu ukiongeza miaka 2 ya cha Tano na cha Sita unapata 13, na ukiongeza 3 ya Chuo Kikuu unapata 16. Kwa Kenya, 12 na miaka 4 ya Chuo Kikuu ni 16 vile vile. Umeona? Kwa shahada ya kawaida safari nzima ni sawa. Kilichotofautiana ni mahali mlango wa Chuo Kikuu ulipowekwa. Wenzetu wameusogeza mlango mbele, lakini chumba cha ndani wamekirefusha. Sehemu ya yale ambayo kijana wetu anayasoma Kidato cha Sita, wao huyasoma katika mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu. Ile "njia ya karibu" aliyouziwa jirani yangu haikuwa ya karibu hata kidogo. Miaka miwili aliyodhani anaiokoa, mmoja ulikuwa umekwisha kulipwa katika darasa la nane, na wa pili ulikuwa unamsubiri Chuo Kikuu.

Ndiyo maana vyuo vya Kenya, vinapompokea mwombaji wa Tanzania au Uganda kwa shahada, humwuliza cheti cha Kidato cha Sita chenye masomo mawili yaliyofaulu kikamilifu. Na jambo hili lina upande wa pili. Uganda imebaki na 7-4-2, na kwa miaka mingi imekihesabu cheti cha KCSE kuwa chini ya cheti chake cha Kidato cha Sita. Vijana wengi wa Kenya waliokwenda kusoma huko wametakiwa kupitia kwanza masomo ya maandalizi. Wamelalamika, na ukiwasikiliza utaona wana hoja. Lakini mkono wa mpimaji ndio huo.

Tukiacha miaka, tuje kwenye alama, maana hapo watu hupotea zaidi.

Kwetu katika Kidato cha Nne, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Huchukuliwa masomo 7 bora na kujumlishwa. Mwenye pointi 7 amepata A tupu, na hakuna anayeweza kumzidi. Daraja la Kwanza ni pointi 7 hadi 17, la Pili ni 18 hadi 21, la Tatu 22 hadi 25, na la Nne 26 hadi 33. Yaani kwetu pointi chache ndiyo sifa.

Kenya ni kinyume chake. A ni pointi 12, na alama hushuka moja moja hadi E yenye pointi 1. Pointi 7 kwao ni C+, na wastani wa C+ ndio kiwango cha chini cha kuingia shahada. Basi mweke kijana wa Tabora na kijana wa Kisumu mezani pamoja, kila mmoja aseme, "Mimi nimepata saba." Mmoja hana wa kumpita nchini kwake, na mwenzake ndiyo kwanza amegusa kizingiti.

Wala usidhani tunachanganyana na majirani tu. Hata ndani ya nyumba yetu wenyewe herufi hazina uzito mmoja. Katika Kidato cha Nne, C huanza kwenye alama 45. Katika Kidato cha Sita, C huanza kwenye 60. Na unapoomba Chuo Kikuu, hesabu hugeuka tena: A ya Kidato cha Sita ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016, Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, hutaka jumla isiyopungua 4 kutoka katika masomo mawili yanayohusiana na kozi anayoiomba mtu. Kwa hiyo D mbili zinafika. C moja na E moja zinafika. E mbili hazifiki, ingawa mwenye nazo amefaulu. Na hicho ni kizingiti cha chini tu, kwani kozi kama udaktari zina masharti yake ya Fizikia, Kemia na Baiolojia.

Sasa tuigeukie reli ya magharibi. Treni ya Kigoma inapoingia stesheni ya Tabora, hushuka pia watu waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kijana mmoja kutoka Uvira, aliyekuwa amehifadhiwa na shangazi yake hapa mjini, aliwahi kunionyesha cheti chake cha Kongo. Kilikuwa kwa Kifaransa, na kilikuwa na namba moja tu: asilimia 58. Mtu aliyekuwa amekaa nasi akatazama, akasema, "Hamsini na nane, hiyo ni D." Kijana akainamisha kichwa.

Kwa kweli hakustahili kuinamisha kichwa. Kongo wana mtihani wao wa taifa, wenyewe huuita Examen d'État, ulioanza mwaka 1967. Mtoto huufanya baada ya miaka 12 ya masomo. Namba ile si ya somo moja, bali ni ya mchepuo mzima wa mwanafunzi, na kufaulu ni kuanzia asilimia 50. Anayepata 50 ana cheti cha kumwezesha kuomba Chuo Kikuu nchini kwake. Huwezi kuichukua 58 ile ukaipachika kwenye jedwali letu la Kidato cha Sita, ambako kila somo lina herufi yake. Ni sawa na kupima asali kwa futi kamba.

Jambo hili linawagusa wengi katika upande wetu huu wa nchi. Katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, watoto wa wakimbizi wa Kongo wamekuwa wakisomeshwa kwa mtaala wa Kongo. Wao wamekulia katika ardhi ya Tanzania na Kiswahili wanakijua, lakini cheti chao ni cha nchi nyingine. Kwa mtoto wa namna hiyo, ulinganisho wa vyeti si jambo la ofisini tu. Ni swali la kwamba miaka 12 ya maisha yake itahesabiwa au itatupwa.

Mtu atauliza: basi nani mwenye haki ya kusema cheti hiki kinalingana na kile? Hapa kwetu kazi hiyo imegawanywa. Cheti cha sekondari cha nchi ya nje hupelekwa NECTA, nao hukilinganisha na kutoa hati ya ulinganisho, ambayo ndiyo mwombaji anaitumia kuomba chuo. Cheti cha stashahada kinahusu Baraza la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET. Shahada za nje ni kazi ya TCU. Mwalimu mkuu hawezi kukulinganishia cheti, wala wakala, wala mimi. Jambo hili ninalirudia kwa sababu watu huombea chuo kwanza, kisha dirisha likikaribia kufungwa ndipo husikia habari ya ulinganisho. Hapo huwa wamechelewa mwaka mzima.

Wala kupimwa upya si aibu. Mwalimu Nyerere alisoma shule ya serikali hapa Tabora kuanzia mwaka 1937, akaenda Makerere, akarudi kufundisha hapa hapa St. Mary's. Alikuwa na stashahada ya ualimu ya Makerere. Alipokwenda Edinburgh mwaka 1949, elimu ile haikumpa shahada. Alikaa darasani miaka mitatu kuitafuta, akaipata mwaka 1952.

Habari njema ni kwamba serikali zetu zimelitambua tatizo hili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inazungumzia nchi wanachama kutambuliana vyeti. Lipo Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala, na mwaka 2017 wakuu wa nchi waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Kongo nayo imeingia katika Jumuiya mwaka 2022. Kwenye karatasi, basi, Uvira na Tabora ziko katika nyumba moja.

Lakini msikilizaji, wakati huo huo kila mmoja anaendelea kubomoa na kujenga chumba chake. Kenya ilianza mfumo mpya mwaka 2017: miaka 2 ya awali, 6 ya msingi, 3 ya sekondari ya chini, 3 ya juu, na isiyopungua 3 ya Chuo Kikuu. KCSE ya mwisho imepangwa kuwa ya mwaka 2027. Tanzania nayo ina Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa mwaka 2025. Inaifanya shule ya msingi kuwa miaka 6, na elimu ya lazima kuwa miaka 10. Kongo nayo imepanga miaka 8 ya elimu ya msingi na 4 ya juu yake.

Ukijumlisha utaona ajabu. Kenya 6, 3 na 3 ni 12. Tanzania 6, 4 na 2 ni 12. Kongo 8 na 4 ni 12. Nchi zilizoachana njia zinakaribia kukutana kwenye namba moja, kila moja ikifuata sababu zake. Mimi nafurahi, ila natahadharisha. Miaka kulingana si masomo kulingana. Kama wizara hazitakaa pamoja kutazama mtoto anafundishwa nini katika miaka hiyo 12, tutabaki na urefu mmoja wa nguo na ubora tofauti, na mwenye kuumia atakuwa mtoto wa mpakani.

Wakati tukiwasubiri wakubwa, mzazi anaweza kufanya nini? Nashauri maswali manne kabla ya kuuza gunia hata moja. La kwanza: cheti cha mwanangu ni cha mwaka wa ngapi wa masomo, si kidato cha ngapi? La pili: mtihani ulitungwa na baraza gani, nao wanasoma alama zao vipi? La tatu: chuo anachokwenda, je, kimeandika kwa barua yake chenyewe kwamba kinakipokea cheti hiki kwa kozi hii? Neno la wakala si barua. La nne, ambalo husahauliwa: akimaliza na kurudi, cheti cha huko kitamfungulia mlango gani hapa nyumbani? Hayo yote huulizwa kabla ya nauli, na kuuliza kwenyewe hakugharimu magunia.

Na kwa aliyekwisha kukosa mlango mmoja, ipo mingine. Mwenye Kidato cha Nne anaweza kupitia astashahada na stashahada, na akipata wastani wa 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada. Ambaye alama zake za Kidato cha Sita hazikufika, Chuo Kikuu Huria kina masomo ya msingi kwa ajili yake. Na mtu mzima aliyejifunza kazini una utaratibu wa TCU wa kuutambua ujuzi wake. Milango hii ni halali.

Yule kijana wa jirani yangu ameupita wa kwanza. Alisoma stashahada hapa hapa Tabora, miaka mitatu, na wastani wake ulimtosha kuomba shahada. Baba yake alitaka kuokoa miaka miwili, akatumia mingi zaidi pamoja na fedha za mpunga. Ananisalimu vizuri kila asubuhi, na mimi kila akinisalimu naikumbuka jioni ile niliyonyamaza.

Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Mlango wa Mkenya ni wa Mkenya kwa sababu alikwisha kuulipia darasa la nane. Sisi wenye majina ya mwalimu nasi tukiulizwa tusichokijua, tuseme hatujui, kisha tuinuke twende tukaulize pamoja na mzazi.

Tukutane wiki ijayo. Kwaherini.